Nyumba Inayokimbia Maji

Mmenisumbua vya kutosha, nyinyi vijana wa gereji za Bwiza, kwa hiyo nakaa naandika. Siku hizi mnajiita mafundi wa magari ya kulala. Mtu analeta basi lake dogo, anataka kitanda, friji, bomba la kunawia na taa, aende wiki nzima huko Rumonge au Ruyigi bila kuomba umeme wala maji kwa mtu. Mnamtengenezea, mnapiga picha, mnaionyesha dunia. Vizuri. Baada ya muda gari linarudi, taa hafifu, maji yananuka, na nyinyi mnapanda hadi kwangu Mutanga Sud: "Muzee, kuja utuangalilie kidogo."

Mimi sina mkono wa kuwaangalilia. Mkono wa kulia umebaki na vidole viwili, na aliyevila vile vingine ni Salvator. Namtaja kwa jina. Yuko hai, ana gereji, anaitwa Ingenieri, yaani mhandisi. Akisoma hapa atajijua.

Tena mnaniita muzee. Nina hamsini na kitu. Uzee huu nimepewa na kiti ninachokalia siku nzima tangu mkono uharibike. Shule niliachia darasa la nne, basi maneno yangu yatakuja yanavyokuja. Lakini umeme na maji ndani ya gari nayajua, kwa sababu nyinyi mnawatengenezea watu wanaokwenda kutembea. Mimi nilimtengenezea mama yangu asizame.

Aliyenifundisha kazi ni Muzee Issa, fundi umeme wa malori pale Bwiza, Mungu amrehemu. Kipimo cha umeme alikuwa nacho, amekiviringisha kwenye kitambaa ndani ya boksi la sabuni, lakini kwanza alitumia kiganja. Akishawasha kitu, anaupapasa waya wote kutoka batri mpaka taa, polepole, kama mtu anayechagua mbuzi wa Idi. Akikuta joto anasimama.

"Apa njo kuko muizi," anasema. "Umeme wenu unaibiwa apa."

Waya ukipata joto, ama ni mwembamba kuliko kazi uliyopewa, ama kiungo kimelegea. Hakuna sababu ya tatu. Mpaka leo, kabla hujashika hicho kipimo chako chenye namba, shika waya.

Tulikuwa wanafunzi wawili kwake, mimi na huyo Salvator. Siku moja Muzee alimtuma Salvator sokoni kununua waya mnene wa kuvuta umeme kutoka batri. Akarudi na waya mzuri, mwekundu, mnene kama kidole, tena anajisifu amepunguziwa. Muzee akaukata kwa wembe. Ndani shaba ilikuwa nyuzi chache, kama nywele za mtu anayeota kipara. Kilichobaki chote ni mpira.

"Umenunua mupira, mwanangu," Muzee akamwambia. "Ushone kandambili, uvae."

Gereji nzima ilicheka. Salvator naye alicheka, yeye alicheka siku zote. Nyinyi kabla ya kununua mwambieni muuzaji akate ncha, muione shaba. Akikataa, ondokeni, hata kama ni mjomba wenu.

Nisiseme Salvator alikuwa mjinga. Mjinga nisingemlaumu. Mikono yake ilikuwa mepesi kuliko yangu, na mteja aliondoka anacheka. Ila yeye swali lake lilikuwa moja tu: inawaka ao haiwaki? Ikiwaka, kazi imekwisha, tukale. Na alikuwa na alama yake. Badala ya utepe wa mafundi alifunga viungo vya waya kwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, anakizungusha, anamalizia na kifundo kidogo kilichochomoza kama sikio la mwana-mbuzi. Muzee Issa alikichukia kile kifundo.

"We Salvator, apa umefunga waya ao umefunga kitovu cha mutoto?"

"Muzee, si inawaka?"

"Inawaka leo. Mi nakuuliza ya siku ingine."

Kikumbukeni hicho kifundo, tutakirudia.

Gari la kulala la kwanza kuliona lilikuwa la wazungu wawili, mume na mke, waliotoka upande wa Kigoma wakielekea Rwanda. Walikuja na shida: pampu inanguruma, maji hayatoki. Tuliinua godoro tukakuta tangi lao la plastiki limebonyea kwa ndani, kama shavu la mtu asiye na meno. Salvator akataka kufungua pampu. Muzee Issa akamzuia, akalegeza kifuniko cha tangi tu. Tangi likavuta pumzi, likarudisha shavu lake kwa kishindo, na yule mama wa kizungu akaruka hadi nje ya gari.

"Pole, mama," Muzee akamwambia kwa Kifaransa chake cha gereji. "Iyi tangi ilikuwa inakufa na kukosa pumzi."

Kumbe njiani mtu alikuwa ameziba tundu la hewa kwa sababu maji yalikuwa yanaruka kwenye makorongo. Pampu inavuta maji, hewa haiingii, tangi linajinyonga. Basi tangi lolote mtakalofunga, liwekeeni kimpira cha kupumulia kinachopanda juu kuliko tangi lenyewe, ncha yake muikunje iangalie chini, na muifunge kitambaa chepesi wadudu wasiingie.

Ndani ya gari lile ndipo nilipoona batri mbili kwa mara ya kwanza. Moja ya kuwashia injini, moja ya nyumba. Ya injini imeumbwa kwa kusukuma: inatoa nguvu nyingi kwa kitambo kidogo, halafu inataka kujazwa tena mara moja. Ukiinyonya polepole usiku kucha kwa taa na friji, unaiua. Ya nyumba ni nzito, mvumilivu, inatoa kidogo kidogo. Katikati yao kunakaa kifaa wanachokiita rele. Injini ikinguruma, rele inazishikanisha, zote mbili zinakula. Injini ikizimwa, rele inaziachanisha, na hata nyumba ikila mpaka ikauke, ile ya kuwashia haiguswi. Muzee Issa alituchorea yote kwa chaki kwenye sakafu ya gereji, akatulazimisha tukanyage mstari kwa mstari tukisema umeme unakwenda wapi. Salvator alikanyaga vizuri kuliko mimi. Hilo ndilo linaloniuma. Alijua.

Sasa niwaambie nilifikaje kutaka gari la namna hiyo, mimi ambaye hata Gitega nimekwenda kwa msiba tu.

Mimi ni mtoto wa Bwiza, lakini nilihamia Gatumba kwa sababu mama alikuwa anauza sabuni na chumvi mpakani, na kiwanja kilipatikana. Aliyeniuzia ni Evariste. Naye namtaja. Nilimuuliza habari ya maji, akaangalia mbingu kama mtu aliyetukanwa.

"Maji gani, kaka? Apa ata mvua yenyewe inasahau kupita."

Evariste mwenyewe alikuwa ameshajenga mlimani. Maji ya mto Rusizi yakaja. Mara ya kwanza nilimbeba mama mgongoni. Mara ya pili alikuwa ameshapooza miguu, na mwili wake ni mkubwa. Majirani wanne tulimtoa juu ya mlango, mlango tumeung'oa kwenye nyumba yetu wenyewe. Tukakaa kwenye hema, tukarudi, tukakwangua tope ukutani kwa jembe. Halafu siku moja mama akasema:

"Mwanangu, tafuta nyumba yenye miguu. Yangu imekataa."

Nilicheka. Halafu sikucheka tena, nikaenda kutafuta basi dogo lililokufa. Nilipata moja limeota majani kwenye magurudumu. Injini tuliifufua. Viti nikavitoa, nikaweka kitanda cha mama nyuma, changu mbele, jiko dogo mlangoni. Nikaliegesha kwenye kiwanja kile kile cha Gatumba, pua ikiangalia barabara. Mama aendelee kuuza sabuni yake na kukaa na watu wake. Siku Rusizi ikija, nawasha, tunaondoka. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya lile gari. Friji, taa, bomba, vyote vilikuwa vya ziada. Kazi ilikuwa kuondoka.

Sikilizeni nilivyolifunga, mchukue ya kuchukua.

Tangi la maji usiliweke juu ya paa, hata mteja akikuonyesha picha. Maji ni mazito, kwenye kona yanakutupa. Liweke chini, katikati ya magurudumu ya nyuma, lifunge kwa mikanda ya chuma, na chini yake pasipite waya wowote. Bomba lisiwe la kuonyesha ndani. Mwanga ukiingia, ndani kunaota ukijani. Kabla ya pampu weka kichujio, maana maji yetu yana mchanga. Pampu ukiisikia inagonga mara moja, inanyamaza, inagonga tena, na hakuna aliyefungua bomba, ujue kuna tone linavuja mahali, na tone hilo linakunywa batri yako huku umelala. Litafute.

Halafu bidoni, yaani madumu ya plastiki. Sisi hapa bidoni ya njano ni ya mafuta ya mawese, ni ya maji, ni ya mazuti, yaani dizeli, inategemea siku. Jirani alitaka kunisaidia, akajaza tangi langu kwa bidoni iliyokuwa imetoka kwenye foleni ya mafuta ya gari. Mama akaonja chai, akaishusha.

"Chai ya leo iko na moteri."

Tuliosha lile tangi kwa sabuni, kwa majivu, kwa ndimu, harufu haikutoka. Nikalitupa nikatafuta jingine. Basi mpeni mteja bidoni mbili za rangi tofauti kabisa na ya njano, mwambieni hizi ni za tangi, hata baba yake asizikope.

Kwenye umeme: fyuzi ikae karibu na batri, umbali wa kiganja, kwa sababu kipande cha waya kabla ya fyuzi hakina mlinzi. Waya wa kurudi, ule unaoufunga kwenye bodi, kwangua rangi kwanza mpaka uone chuma cheupe, ndipo ukaze na upake grisi. Rangi haipitishi umeme. Nimeona fundi anabadilisha pampu tatu na kosa lilikuwa rangi. Batri ikiwa inakaa walipo watu, ifungie kwenye sanduku lenye kimpira cha kutolea hewa nje, maana ikijazwa inatoa gesi, na gesi ile hutaki ikutane na njiti ya kiberiti ya mama anayepika. Paneli ya jua iinue kidogo kutoka kwenye paa, upepo upite chini yake. Joto la huku kwetu bondeni linaichosha. Ukiunganisha kwenye kifaa cha kudhibiti chaji, batri ianze, paneli ifuate.

Nilipiga hesabu yangu kama wale wazungu: taa, pampu, friji ndogo, redio ya mama. Paneli inatosha na inabaki. Nilijiona bingwa.

Ni hapo hesabu za wazungu zinapokosea kwetu. Gari lao linalala porini, peke yake. Gari letu linalala na majirani.

Wa kwanza alikuwa Fabiola, muuza ndagala, yaani dagaa, wa nyumba ya pili. Nguzo za umeme zilikuwa zimelala tangu maji ya mwisho. Akaja mlangoni, simu mkononi.

"Mama, unipatie umeme kidogo. Mi nataka kuuliza ndugu yangu wa kule juu kama mvua imenyesha."

Utamkatalia? Simu kule Gatumba haikuwa ya kuchekea. Mtu anampigia ndugu aliyeko juu ya mto, anaambiwa huku kumenyesha sana, naye anaanza kufunga godoro. Kumnyima mtu umeme wa simu ni kama kumnyima moto wa kupikia. Mama akapokea. Kesho yake zikaja nyingine. Mama akatafuta ungo, akawa anakaa mlangoni na ungo wa simu mapajani, anajua ya nani ni ipi kwa mikwaruzo. Mtu aliyekuwa halii wala hacheki tangu miguu ife, sasa anapigiwa kelele na nusu ya mtaa: "Mama Saidi, yangu imejaa?" Alirudi kuwa mtu. Mimi nikirudi kutoka kazini Bwiza nakuta watu, vicheko, habari zote za mpakani.

Lakini batri ya nyumba ikawa inaanguka. Nikamwambia mama apunguze. Akachomeka simu nyingine. Basi nikawaza: na ikauke, ndiyo maana kuna rele. Nyumba itakosa taa, lakini ya kuwashia haiguswi. Na kila Ijumaa nikitoka msikitini niliwasha injini, nikaisikiliza, nikazima. Nilikuwa na amani.

Wiki ile mawingu yalifunika toka mwanzo. Paneli haikupata kitu. Jumatatu nilikuwa Bwiza. Salvator akapita Gatumba akitoka Uvira, ng'ambo ya mpaka, akasimama kumsalimia mama, maana mama alimlisha sana tulipokuwa wanafunzi. Akamkuta na ungo umejaa simu zilizokufa, watu wamesimama, mama ameinamisha kichwa kwa aibu.

Haya niliyajua baadaye. Mimi niliporudi jioni ile nilikuta taa zinawaka, redio inaimba, simu zinajaa. Nikasema, ile batri kumbe ni nzuri kuliko nilivyofikiri. Jumanne zikawaka. Jumatano zikawaka.

Alhamisi asubuhi jua likatoka, safi, kana kwamba halikuwa na habari. Simu ya Fabiola ikalia. Alipiga ukelele kabla hajaikata. Ndugu yake wa juu alisema mto umevunja kingo tangu alfajiri. Huku kwetu hapakuwa na tone la mvua, lakini ukitazama upande wa mashamba ya mpunga uliona kitu kinang'aa kinakuja, taratibu, kama shuka inayotandikwa.

Sikuwa na wasiwasi. Kweli nawaambia. Nilifunga jiko, nikafunga bidoni, nikamwambia mama ashike chuma cha kitanda. Watu wakaweka watoto na mafurushi ndani mwetu. Fabiola akasema, "Leo tunaenda na nyumba yetu." Nikakaa kwenye usukani, nikazungusha ufunguo.

Tak.

Nikazungusha tena. Tak. Mnajua sauti hiyo. Hata injini haikushtuka.

Maji yalikuwa yameshafika kwenye magurudumu. Nikaenda nyuma, nikafungua sanduku la batri. Waya mwekundu umeruka juu ya rele, kutoka batri ya nyumba mpaka batri ya kuwashia, moja kwa moja. Ncha zake zimefungwa kwa mpira wa baiskeli. Na kifundo, kama sikio la mwana-mbuzi.

"Mama, nani alifungua apa?"

"Salvator," mama akasema. "Alipita Jumatatu. Mutoto muzuri, akasaidia. Simu za watu zilikuwa zimekufa."

Batri zote mbili zilikuwa zimeliwa pamoja siku tatu, zimekauka pamoja. Nikaukata ule waya kwa meno ya koleo, lakini kukata hakurudishi kitu. Kusukuma tulijaribu, wanaume wote. Tope lilishashika magurudumu. Maji yakaingia kwenye ngazi ya mlango. Watoto wakapandishwa juu ya kitanda cha mama. Mama hakulia. Alikuwa anaangalia ule ungo wake.

Aliyetuokoa ni dereva wa lori la mchanga, yeye pia akikimbia maji. Alisimama barabarani, akatupa mnyororo.

"Funga haraka, fundi! Mi sikawii apa, maji yanakuja na kwangu!"

Niliingia majini hadi kifuani. Ndoano ya mbele ya basi haionekani, naitafuta kwa vidole. Nimepitisha mnyororo, nauweka sawa, gari likanyanyuliwa na maji kidogo, likasogea, mtu akapiga kelele "tayari!", na dereva akaondoa lori. Sikusema tayari. Sijui nani alisema. Mnyororo ukakaza na mkono wangu ndani.

Basi lilitoka. Mama alitoka, watoto walitoka, Fabiola alitoka na ndoo ya ndagala kichwani. Mimi nilitoka, ila si mwili wote.

Hospitalini Salvator alikuja na machungwa. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Nilimwambia nilichokiona ndani ya sanduku. Hakukana.

"Saidi, mama aliniomba taa. Mi niliweka, na taa ziliwaka."

"Ulikanyaga ile chaki na miguu yako, Salvator. Ulijua."

"Nilijua. Nilifikiri utaona siku hiyo hiyo, utaondoa." Akamenya chungwa, akaniwekea kipande karibu na mkono uliobaki. "Wewe ungemukatalia mama? Na watu wamesimama vile?"

Nilimgeuzia mgongo mpaka akaondoka. Machungwa alikula mgonjwa wa pembeni.

Nimelifikiria lile swali miaka hii yote, na sasa nina jibu, lakini silo la kumsamehe. Jibu ni la kazi. Nililifunga lile gari kana kwamba mama ataweza kukataa. Basi nikalifunga upya.

Nilifanya kwa mkono wa kushoto, mama akinishikia waya kwa koleo kutoka kitandani. Ilituchukua muda mrefu, na alinitukana mwanzo mpaka mwisho. "Kaza, we! Ata mi mwenye sina miguu najua iyo haijakaza." Ya kuwashia nikaihamisha mbele, kwenye sanduku lake lenye kufuli, waya wake haupiti kabisa ndani ya nyumba. Ya nyumba ikabaki nyuma. Halafu nikaweka ya tatu, ndogo, yenye kipaneli chake kidogo na waya wake, haishikani na yoyote. Hiyo ni batri ya majirani. Inajaza simu, haina kazi nyingine. Ikifa, imekufa, mama anawaambia watu: "Ya majirani imelala, rudini kesho jua likitoka." Hakuna aibu, hakuna aliyekataliwa. Ni jua ndilo halikutoka.

Kwa hiyo mteja akija, msianze kumuuliza ana friji ya namna gani. Mwulizeni atalala wapi, na nani yuko karibu. Akisema porini peke yake, fungeni kama wazungu. Akisema kwa wakwe, kwa shangazi, kijijini kwao, fungeni ya tatu. Msingoje ajifunze kukataa. Hatajifunza. Mimi sijajifunza.

Sasa tunakaa Mutanga Sud, kwenye kiwanja cha mtu aliyeko Ulaya, namlindia. Kuna mlima nyuma yetu na maji yako mbali, lakini gari limeegeshwa pua ikiangalia geti. Mama bado yuko mlangoni na ungo; siku hizi ni wanafunzi wa chuo wanaoleta simu, umeme wa mji ukikatika.

Juzi ulikatika tangu asubuhi. Mchana geti likabishwa, akaingia Salvator. Amenenepa. Ana saa. Alikuwa amekwama na gari la mteja hapo barabarani, na simu yake imezima, hawezi kuwaita vijana wake. Hakujua ni kwetu. Aliambiwa tu kuna bibi anayejaza simu. Aliponiona alisimama. Mimi sikuinuka.

Mama macho yake si mazuri tena, lakini sauti aliijua.

"Ni Salvator? Leta iyo simu, mwanangu. Umekonda!"

Akaipokea, akaichomeka kwenye batri ya majirani, akaiweka kwenye ungo pamoja na za wanafunzi. Salvator akabaki amesimama, mikono haijui pa kukaa. Macho yake yakaenda chini ya kitanda, kwenye masanduku. Akafuata nyaya kwa macho, moja moja, kama tulivyofundishwa. Akafika kwenye ile ndogo. Akaifuata mpaka paneli, akarudi. Akaelewa. Nilimwona anaelewa.

"Hazikutani," akasema.

"Hazikutani."

"Na ya moteri iko wapi?"

Sikumwonyesha. Niliinuka, nikaenda mbele, nikaingia kwenye usukani, nikaweka ufunguo kwa vidole vyangu viwili, nikazungusha. Injini ikashika hapo hapo. Nikaiacha ingurume kidogo, asikie vizuri, mpaka simu kwenye ungo zikaanza kutetemeka.

Halafu nikazima. Mafuta ni shida mjini hapa.